Kava la Mlango Lisidharauliwe

Aghalabu ukipanda gari kuukuu hapa visiwani, liwe la ofisi au la mtu binafsi, jambo la kwanza kukulaki ni mlango. Reksini imebanduka pembeni, ubao wa ndani umevimba kama mkate uliotiwa majini, na kava zima linagongagonga kila gurudumu linapoingia shimoni. Dereva hucheka akasema hilo ni pambo tu, madhali mashine ni nzima. Sisi hatukubaliani naye hata kidogo.

Natuchukue mfano wa Peugeot 504, ambayo wengi tunaiita Pijo. Gari hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Uimara wake hauna mjadala. Lakini ofisi moja niliyopata kuifanyia kazi iliwahi kuiweka Pijo yake chini ya mwembe mpaka kuku wakataga kiti cha nyuma, na chanzo chake kilikuwa kava la mlango.

Ilianza siku kioo kilipokwama. Fundi aliyeitwa alilifungua kava, akaichana karatasi ya nailoni iliyokuwa nyuma yake, akakitengeneza kioo na kwenda zake. Hakuna aliyeuliza ile nailoni ilikuwa na kazi gani. Ilhali kazi yake ni kubwa. Mvua inaponyesha, maji hayakosi kuteremka na kioo hadi ndani ya mlango. Ndivyo milango ilivyoundwa, na ndiyo sababu chini yake mna matundu ya kuyatolea. Nailoni huyazuia maji hayo yasiufikie ubao wa kava. Ikiondolewa, na matundu yakizibwa na vumbi na majani, ubao hunyonya maji, hulainika, na vibanio vinavyoushika hung'oka kimoja baada ya kimoja.

Baada ya masika mbili kava lilianguka. Mtu akaja na parafujo, akalikaza moja kwa moja kwenye bati. Parafujo moja ndefu ikakikwaruza kioo kila kikishushwa, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, kila tundu jipya likafanya kutu. Ndipo ikaandikwa barua ya kuomba kava jipya kutoka ng'ambo, na gari likaegeshwa kungoja majibu. Barua ile, sina budi kukiri, niliiandika mimi. Majibu hayakuja, na hatimaye gari likapigwa mnada kama chuma chakavu.

Aliyelinunua alikuwa fundi wa makochi. Haukupita muda nikaliona barabarani, nami nikamwendea kumwuliza alilolifanya.

Alianza kwa kuondoa mkono wa kupandishia kioo na pahala pa kuegemeza kiwiko, kisha akapenyeza kisu bapa karibu na kila kibanio. Hakuvuta kava katikati, kwani ubao uliolainika hukatika. Reksini akaibandua polepole, akaiosha kwa sabuni na kuianika kivulini. Ubao ulikuwa umeoza ukingoni, basi akaulaza juu ya plaiwudi nyembamba, akachora umbo lake pamoja na kila tundu, akakata mwingine. Kabla ya kuuvisha aliupaka vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, maana kingo ndizo zinazonywa maji kuliko pahala pengine. Gundi aliipaka kwenye ubao na kwenye reksini, akasubiri mpaka isinate kidoleni, ndipo akabandika kutoka katikati kwenda pembeni na kukunja ncha kwa nyuma.

Mlango nao hakuusahau. Alikwangua kutu kwa msasa, akapaka rangi, akazibua matundu ya chini kwa waya, akabandika nailoni mpya. Kisha akamimina birika la maji juu ya kioo kwa nje. Maji yote yakatokea chini ya mlango, ndipo akarudisha kava.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara wanaohusika na magari wasiridhike na taarifa inayosema kifaa hakipatikani. Na waulize kwanza kama fundi wa makochi ameitwa, na kama mafundi wao wa vioo wanairudisha nailoni kila wanapofungua mlango. Fundi seremala na fundi wa makochi wapo katika kila mji wetu, Unguja na Pemba.

Nilipomwuliza yule bwana gharama yake, alinijibu kuwa vibanio vilikuwa vya zamani, na reksini ni ileile. Alichonunua ni kipande cha plaiwudi, vanishi, rangi, gundi na nailoni.