Nati Isiyotaka Kukazwa

Mvumo ulianza tulipoipita Chalinze. Nilidhani ni tairi, maana Hilux yangu ya mwaka 1993 ina sauti nyingi na nyingi nimeshazizoea. Tulipofika Mlandizi ulikuwa kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili: haikuumizi sikio, ila haikuachi.

Tairi lililoisha na beringi iliyochoka huvuma karibu sawa. Tairi, hata hivyo, hubadili sauti pale lami inapobadilika. Beringi haijali lami, inajali mwendo tu. Weka gia huru gari likiwa linateremka taratibu mahali pasipo na watu: injini ikitulia na mvumo ukabaki, kosa liko kwenye magurudumu. Kisha yumbisha gari kidogo. Ukipinda kulia, uzito wa gari huegemea kushoto. Wangu ulipanda kila nilipopinda kulia, kwa hiyo mgonjwa alikuwa gurudumu la kushoto.

Nyumbani nililegeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, nikaweka mawe nyuma ya tairi za nyuma, nikapiga jeki, nikaegemeza chasisi kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Asiyekuwa na stendi asiingize hata mkono. Vitabu vya Wazungu husema shika tairi saa 12 na saa 6 ulitikise. Hapa saa zetu na zao zinapatana: ukigeuza majina, sehemu ni zilezile mbili, juu na chini. Langu lilicheza. Nikamwambia kijana wangu akanyage breki, nikatikisa tena, na mchezo ukaisha. Breki hufunga habu isitikisike juu ya spindeli, kwa hiyo mchezo unaopotea breki ikikanyagwa ni wa beringi. Ungebaki, ningeanza kutazama bol jointi.

Kabla hujanunua chochote, jua gari lako ni la kundi gani. Saloon nyingi zinazovuta kwa mbele zina beringi ya gololi iliyoshindiliwa ndani ya nako kwa presi. Nako yenyewe mwenye gari anaweza kuifungua nyumbani, lakini kutoa beringi na kuirudisha ni kazi ya presi. Nimeona watu wakiipiga kwa nyundo uani, na nimeona wakirudi baada ya mwezi mmoja na mvumo uleule: pigo la nyundo hupita kwenye gololi na kuacha vidonda njiani mwake kabla gari halijatembea hata mita moja. Fungua nako, ibebe umpelekee mwenye presi, lipa, urudi nayo.

Pick-up za zamani zinazovuta kwa nyuma, kama yangu, ni jambo jingine. Mbele zina beringi mbili za rola kwa kila gurudumu, kubwa ndani na ndogo nje, na rola zenyewe zimechongwa kwa mshazari, nyembamba upande mmoja. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi za namna hiyo. Magari yake yalikuwa yakila beringi kwenye kona, kwa sababu kona husukuma gurudumu kwa ubavu, na beringi za wakati ule zilijua kubeba uzito wa kutoka juu tu. Ule mshazari hubeba vyote viwili.

Nilifungua kalipa nikaining'iniza kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Nikabandua kifuniko cha grisi kwa bisibisi, nikanyoosha pini na kuitoa, nikafungua nati, habu ikaja mikononi pamoja na diski yake. Grisi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji. Wiki tatu kabla nilikuwa nimepita Jangwani kwenye masika, maji yakiwa juu ya habu. Habu yenye moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Rola za ndani zilikuwa na vishimo vya kutu. Kama zingekuwa za buluu, ningejua zimeungua.

Vikombe vya zamani, yaani pete za nje za beringi ambamo koni na rola zake huzunguka, hutolewa kwa kipande cha shaba na nyundo, ukigonga huku na huku ili visipinde. Usibakize kikombe cha zamani ukaweka koni mpya, hata kama kinang'aa. Vilivyotoka pakiti moja vikae pamoja. Kikombe kipya nilikilaza kwenye friza usiku kucha, asubuhi nikaianika habu juani, kisha nikakisukuma kwa kutumia kile cha zamani nilichokipunguza kidogo kwa msasa wa mashine ili kisikwame. Sikiliza nyundo. Inalia kling, kling, halafu ghafla inalia dup. Kimekaa.

Grisi ya beringi haipakwi kama mafuta kwenye chapati. Weka donge kwenye kiganja, shika koni upande mpana ukiwa chini, ikandamize kwenye donge kama anayekwangua sufuria, hadi grisi itokee juu katikati ya rola. Geuza kidogo, rudia, mpaka umalize mduara. Tumia grisi ya kuhimili joto la breki za diski, usichanganye na ya zamani, na usiijaze habu yote.

Sasa nati, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri huharibu. Tumezoea kwamba nati iliyokazwa sana ndiyo salama. Hii, ukiikaza sana, inasukuma koni ndani ya kikombe, rola zinabanwa, grisi inakosa nafasi, na beringi mpya inaungua. Nilikaza kwa spana huku nikizungusha gurudumu ili rola zikae, nikalegeza kabisa, kisha nikairudisha kwa vidole tu mpaka mchezo ulipoisha. Kitabu cha gari kikitoa kipimo, fuata kitabu. Kwa beringi hizi kwenye magurudumu yasiyovuta, mchezo wa kati ya milimita 0.025 na 0.125 ni wa kawaida, yaani usiozidi sana unene wa karatasi ya daftari. Tundu la pini lilipokataa kulingana, nililegeza kidogo badala ya kukaza. Pini ikawa mpya. Ya zamani haikunjwi mara ya pili.

Siku ya pili niliendesha hadi Kibaha, nikaacha gari lipunguze mwendo lenyewe bila kukanyaga breki sana, maana breki nazo hupasha habu moto. Nikashuka, nikagusa habu ya kulia kwa mgongo wa mkono, nikazunguka nikagusa ya kushoto. Zilikuwa na joto moja, la kikombe cha chai kilichosahaulika.