Pete, shayiri na umbo la tumbo: Kwa nini ubashiri wa jinsia ya mtoto hupatia nusu tu

Mama kijacho amejinyoosha mkekani. Shangazi yake amefunga pete ya ndoa kwa uzi, ameining'iniza juu ya tumbo, na waliopo chumbani wamenyamaza. Pete ikizunguka, husema wengine, atazaliwa binti. Ikienda mbele na kurudi nyuma, atazaliwa mvulana. Katika nyumba ya jirani ishara hizohizo husomwa kinyume, na hakuna anayeona ajabu.

Katika mitaa ya wazungumzaji wa Kiswahili ya ukanda wetu, kuanzia Biryogo mjini Kigali hadi Buyenzi mjini Bujumbura, tumbo likishaonekana hapakosi mtu wa kulisoma. Lililochongoka huhesabiwa la mvulana, lililotanda la msichana. Mama akichukia harufu ya chakula na kutapika kila asubuhi, huambiwa anabeba binti. Akitamani vitu vyenye chumvi au vichachu, mvulana. Akitamani vitamu, msichana. Kwa kawaida mazungumzo haya huwa ya furaha, na hayamdhuru mtu. Hata hivyo, kuna nyumba ambamo jibu lake huamua mama atapokewaje atakaporudi kutoka hospitali. Ndiyo sababu inafaa kueleza ishara hizi zina uzito gani, na jinsia ya mtoto hupangwa na nini.

Kipimo cha nafaka cha Misri ya kale

Shauku hii ni kongwe. Hati moja ya mafunjo kutoka Misri, iliyohifadhiwa mjini Berlin nchini Ujerumani na yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, inaeleza namna mwanamke anavyoweza kujua hali yake. Anatakiwa kunyunyizia mkojo wake kila siku juu ya mbegu za shayiri na za aina ya ngano iliyolimwa enzi hizo. Shayiri ikiota, atazaa mvulana. Ngano ikiota, atazaa msichana. Zote zisipoota, hana mimba.

Mwaka 1963, watafiti wa Misri wakiongozwa na daktari Paul Ghalioungui waliamua kukijaribu kipimo hicho. Matokeo yao yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wahenga wa Misri hawakuwa wakipiga ramli tupu: katika takriban asilimia 70 ya majaribio, mkojo wa wajawazito uliotesha nafaka, ilhali ule wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuziotesha. La pili ni kwamba katika suala la jinsia ya mtoto, kipimo hicho hakikufaulu. Nafaka ziliweza kuashiria kuwapo kwa mimba, lakini hazikuweza kueleza ni mimba ya nani, wa kike au wa kiume.

Jedwali la China na hesabu za Uswidi

Ubashiri mwingine uliosambaa duniani ni jedwali linalodaiwa kutoka China ya kale. Jedwali hilo huunganisha umri wa mama kwa kalenda ya mwezi mwandamo na mwezi ambao mimba ilitungwa, kisha hutoa jibu moja: mvulana au msichana. Wanaolisambaza hudai kwamba ni sahihi kwa zaidi ya asilimia 90.

Dai la namna hiyo linaweza kupimwa, nalo limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wataalamu walichukua kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2.8 waliozaliwa nchini Uswidi kati ya mwaka 1973 na 2006, wakalinganisha jibu la jedwali na jinsia halisi ya kila mtoto. Jedwali lilipatia takriban nusu. Kwa maneno mengine, mzazi angepata msaada uleule kwa kurusha sarafu.

Umbo la tumbo nalo limechunguzwa. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani waliwafuatilia wajawazito 104 ambao hawakuwa wameambiwa jinsia ya watoto wao. Hawakuona uhusiano wowote kati ya umbo la tumbo na jinsia ya mtoto. Wakunga wanajua sababu: tumbo huchongoka au hutanda kutokana na uimara wa misuli ya mama, kimo chake, idadi ya mimba alizokwisha kubeba, na jinsi mtoto alivyolala. Mimba ya kwanza mara nyingi hukaa juu na mbele kwa kuwa misuli bado haijalegea.

Ishara moja tu ina chembe ya ukweli. Uchunguzi mwingine wa Uswidi, uliochapishwa pia mwaka 1999, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake waliolazwa hospitalini katika miezi mitatu ya kwanza kwa sababu ya kutapika kupita kiasi, takriban 56 kati ya kila 100 walizaa wasichana. Idadi hiyo iko juu kidogo ya kawaida, na wanasayansi huihusisha na homoni za ujauzito. Lakini 44 waliobaki walizaa wavulana. Anayemwambia mama huyo "ni binti" kwa sababu anatapika atakosea karibu kila mara ya pili. Jambo la haraka kwa mama wa namna hiyo ni kupata maji mwilini na matibabu. Ubashiri unaweza kusubiri.

Kwa nini wabashiri huaminiwa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ishara hizi ni bure, mbona bibi fulani hajawahi kukosea?

Jibu liko katika hesabu. Swali hili lina majibu mawili tu. Mtu akibashiri mimba kumi kwa kufumba macho, atapatia kama tano. Hizo tano husimuliwa arusini, misibani na kisimani. Tano nyingine husahauliwa, au hupewa udhuru: mama alilala ubavu usiofaa, uzi ulikuwa mfupi, aliyeshika pete alitikisika. Kwa njia hiyo sifa ya mbashiri huongezeka kila mwaka, na makosa yake hayaandikwi popote. Pete yenyewe huzungushwa na mtikisiko mdogo wa vidole ambao aliyeishika hauhisi; ndiyo maana mara nyingi humpa jibu alilokuwa akilitarajia.

Jinsia hupangwa siku ya kwanza

Sayansi ilipata jibu lake mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905, mtafiti wa Marekani Nettie Stevens alikuwa akichunguza kwa darubini mbegu za uzazi za mdudu anayeishi kwenye unga. Aliona kwamba seli za dume zilikuwa na kromosomu moja ndogo kuliko mwenzake, ambayo jike hakuwa nayo. Mwenzake katika fani hiyo, Edmund Wilson, alifikia matokeo ya kufanana mwaka huohuo. Kromosomu hiyo ndogo leo huitwa Y.

Kwa binadamu mambo huenda hivi. Kila yai la mama hubeba kromosomu X. Mbegu za baba ni za aina mbili, na idadi yake hukaribia kulingana: nyingine hubeba X, nyingine Y. Yai likikutana na mbegu yenye X, kwa kawaida huanza safari ya msichana. Likikutana na mbegu yenye Y, huanza safari ya mvulana. Mwaka 1990, wanasayansi mjini London walitambua jeni iliyo ndani ya kromosomu Y, inayoitwa SRY, ambayo hutoa amri ya kuanza kuumbwa kwa korodani.

Kwa hiyo jambo hili huamuliwa saa ileile mimba inapotungwa, kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Amri ya jeni hiyo huanza kufanya kazi karibu na wiki ya sita au ya saba ya ukuaji, na hata baada ya hapo viungo vya nje vya mvulana na msichana hubaki vikifanana kwa muda. Chakula kinacholiwa katika mwezi wa tano, upande anaolalia mama, au dawa anayonyweshwa havina tena cha kubadili.

Lawama isiyomhusu mama

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa mchezo. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu, mvulana amehesabiwa kuwa mrithi wa ardhi na mtunza jina la ukoo. Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 1999 iliwapa watoto wa kike haki sawa ya kurithi. Nchini Burundi, urithi wa ardhi umeendelea kwa sehemu kubwa kufuata mila, ambayo humtanguliza mtoto wa kiume. Mzee anayeuliza mapema kilichomo tumboni huenda anauliza, bila kutamka, shamba litabaki kwa nani.

Mwanamke anapojifungua binti wa nne au wa tano, yeye ndiye husemwa kuwa "hana wavulana tumboni". Wapo wanaotishiwa kuletewa mke mwenza, na wapo wanaobeba mimba baada ya mimba huku afya yao ikidhoofika. Lawama hiyo haina msingi. Yai halina Y ya kutoa. Aidha, si haki kuihamishia lawama hiyo kwa baba, kwa kuwa yeye hachagui ni mbegu ipi itangulie kufika.

Bahati tupu inatosha kueleza nyumba za namna hiyo. Duniani, kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa huzaliwa wavulana wapatao 105. Kwa hesabu hiyo, ukichukua familia 1,000 zenye watoto watano, familia zipatazo 28 zitakuwa na mabinti watupu, na nyingine zipatazo 35 zitakuwa na wavulana watupu. Hakuna aliyerogwa, hakuna aliyekosea.

Shinikizo la kupata mvulana limeleta madhara makubwa kwingineko. Nchini India, ambako wazazi wengi walitumia vipimo ili kuziondoa mimba za wasichana, sheria ya mwaka 1994 inamkataza daktari kuwafichulia wazazi jinsia ya mtoto aliye tumboni. Katika jimbo la Haryana nchini humo, watafiti wamehusisha dawa za kienyeji zinazonywewa ili kupata mvulana na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Onyo hilo linafaa kusikika hata kwetu: dawa yoyote inayodaiwa kugeuza jinsia haiwezi kuigeuza, ila inaweza kumdhuru mtoto. Vivyo hivyo, kuchanganya mkojo na dawa kali za kuzibulia mabomba, kama baadhi ya watu wanavyoelekezana, hutoa mvuke unaoweza kuunguza macho na mapafu ya mama.

Ekografia inatazama nini

Njia ya kuaminika kwa wengi ni ekografia, au altrasaundi kama wanavyoiita jirani zetu wa Tanzania na Kenya, yaani mashine inayotumia mawimbi ya sauti kutoa picha ya mtoto. Kati ya wiki ya 18 na 20, mtaalamu mwenye uzoefu huitambua jinsia kwa usahihi mkubwa iwapo mtoto amelala vizuri. Kabla ya wiki ya 12 ni rahisi kukosea. Ipo pia njia ya damu: mwaka 1997, Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama. Kipimo kilichotokana na ugunduzi huo kinaweza kutambua jinsia mapema zaidi, na huwasaidia hasa wazazi wenye magonjwa ya kurithi ambayo huwapata zaidi wavulana, kama hemofilia. Gharama yake bado ni kubwa kwa familia nyingi.

Hata hivyo, jinsia si sababu ya kumpeleka mama kwenye kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane na afanyiwe ekografia moja kabla ya wiki ya 24. Mhudumu hutazama umri wa mimba, kama kuna pacha, kondo la nyuma limekaa wapi, na kama viungo vya mtoto vimekamilika. Mama aliyetoka chumbani akiwa amejua tu kwamba ni mvulana au msichana ana haki ya kuuliza pia majibu hayo mengine.

Zipo ishara za mwilini zinazostahili kusomwa kwa makini kuliko mchongoko wa tumbo: kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono kwa ghafla, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Mama anayeona mojawapo aende kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.

Wahenga walituasa tusikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. Familia inayotaka kucheza mchezo wa pete na icheze, mradi wote chumbani wajue kwamba ni mchezo, na mama aliyelala mkekani asiamke akiwa na deni la mvulana.