Sindano ya insulini haiachwi kwa sababu ya kipimo kimoja



Mtoto anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa mara kwa mara, tena anakonda. Mkimpeleka hospitali hapa Goma, damu inaonekana ina sukari nyingi, na munganga anamwanzishia insulini. Pengine baadaye damu hutumwa kwenye laboratwari kubwa kutafutwa kingamwili. Hizo ni nini?

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kingamwili ni silaha zao. Kwa watu wengine askari hao hukosea, wakashambulia kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, ambacho hutengeneza insulini. Kipimo hutafuta alama za kosa hilo. Zikionekana, tunajua chanzo cha ugonjwa.

Zisipoonekana, msiseme: «Mtoto ni mzima, tuache sindano.» Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2025 ulipima watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika ya Kusini, walioanza kuugua diabeti ya aina ya 1 wakiwa vijana. Karibu 65 kwa 100 hawakuwa na kingamwili hizo. Hata hivyo, miili yao ilikosa insulini.

Basi, kipimo hiki hueleza chanzo, hakiondoi ugonjwa. Munganga peke yake ndiye abadilishe dawa. Mtoto akianza kutapika, kupumua kwa haraka au kulegea, mpelekeni hospitali upesi, hata usiku. Kungoja asubuhi kunaweza kumuua.