Subaru inanguruma fiti, lakini mkanda je?

Umejinunulia Subaru ya mtumba yenye injini ya EJ20. Inanguruma fiti, halafu fundi anakwambia ubadilishe mkanda wa taimingi. Unawaza: huyu anataka tu doo yangu. Kitu kizima nikibadilishe cha nini?

Ngoja kwanza. Mkanda huo ni wa mpira, na ndio hufanya vali na pistoni zipishane bila kugongana. Mara nyingi hukatika bila kukuonya. Ukikatikia Thika Road, pistoni zinaweza kugonga vali na kuzipinda. Hapo hulipii mkanda tena, unalipia injini.

Kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Lakini mita ya gari la mtumba usiiamini sana, huenda ilirudishwa nyuma. Fungua boneti utafute kibandiko kinachoonyesha ulibadilishwa lini. Hakuna kibandiko wala risiti? Chukulia haujawahi kuguswa, ubadilishe. Weka na tensiona na pampu ya maji mpya, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Wewe wa Fielder ya 1NZ, tulia. Yako ina cheni. Mwaga oili kwa wakati tu.