Teksi bubu za August Wilson

Miaka ya 1970, teksi zenye leseni mjini Pittsburgh, Marekani, hazikutaka kupandisha Hill District, mtaa wa Weusi. Wakazi wakajitegemea: magari yao wenyewe, simu moja na kijiwe cha kusubiria abiria. Dar es Salaam tungeziita teksi bubu. Ndani ya kijiwe kama hicho ndimo August Wilson alimoiweka tamthilia yake Jitney, aliyoiandika mwaka 1979.

Simu ikilia, dereva mmoja anatoka. Waliobaki wanaendelea na soga. Turnbo hapitwi na umbea. Fielding alikuwa fundi cherehani, siku hizi chupa haimtoki. Youngblood, aliyepigana Vietnam, anahangaika kununua nyumba kimyakimya ili amshtukize mpenzi wake, naye mwanamke anaamini kuna hawara. Huku nyuma, jiji linataka kulifunga jengo. Hakuna anayesimama kutuhutubia kuhusu umaskini, na hapo ndipo ninapomvulia kofia Wilson.

Alizaliwa Hill mwaka 1945, mama akifanya usafi nyumba za watu, baba mwoka mikate Mjerumani asiyeonekana sana nyumbani. Akiwa na miaka 15, mwalimu alimtuhumu kuwa insha yake juu ya Napoleon si kazi yake. Akaacha shule, akahamia maktaba ya umma. Baadaye akawa mtu wa kushinda migahawani, akiandika kwenye karatasi za kufutia mikono, masikio kwa wazee. Ajabu ni kwamba maongezi yale yalianza kukaa sawa kwenye karatasi alipokuwa keshahamia St. Paul, Minnesota, mwaka 1978.

Aliacha mfululizo wa tamthilia kumi, kila moja na muongo wake wa karne ya 20. Tisa zinatokea Hill. Fences, ya mzoa taka Troy Maxson anayehoji kwa nini usukani wa lori ni wa Wazungu tu, ilimpa tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, na The Piano Lesson ikamwongezea ya pili mwaka 1990. Wengi wanamjua kwa Fences, hasa baada ya filamu ya Denzel Washington ya 2016. Mimi bado nawapendelea madereva wa Jitney.

Wilson alifariki Seattle mwaka 2005, akiwa na miaka 60. Jitney ilikuwa ya mwisho kati ya zile kumi kufika Broadway: mwaka 2017.