Talos Principle 1 ama 2? Moja inakuuliza kama wewe ni mtu, ingine inakuuliza watu wataishi aje

Ingia kwa geimu yoyote hapa Kisii tao jioni, utapata risto ni moja tu: mpira. Wasee wawili wameshika pedi, wengine nane wamesimama nyuma wakipiga kelele, na mwenye duka anahesabu dakika zake. Hakuna mtu hulipa doo ndio akae kimya akiwaza.

Sasa The Talos Principle ni geimu ya kukaa kimya ukiwaza. Hakuna kupiga mtu risasi, hakuna gari ya kuiba. Kuna mafumbo, na katikati ya mafumbo kuna maswali yenye yatakufuata mpaka kwa kitanda. Iko na sehemu mbili, na wasee hubishana sana ni gani kali. Wacha tuzipange moja baada ya ingine. Nitatoboa stori ya kwanza kiasi, lakini mwisho wa ya pili siguzi.

Kwanza, hii Talos ni nini?

Kwa hadithi za Wagiriki wa kale, Talos alikuwa jitu la shaba lenye lililinda kisiwa cha Krete. Mwilini alikuwa na mshipa mmoja tu. Ukifunguliwa, anakwisha. Yaani sanamu, lakini sanamu yenye inatembea, inafanya kazi na inakufa.

Wale wa Tabaka mtaelewa haraka. Fundi anachonga mtu kwa jiwe la sabuni, anampaka rangi, anampeleka sokoni. Sasa huyo mtu wa jiwe akiamka akuulize, "Mbona mimi si mtu kama wewe?" utamjibu nini? Useme yeye ni jiwe? Na wewe je, si ni nyama na mifupa tu? Geimu yote imesimama hapo.

Ya kwanza: wewe peke yako na sauti ya juu

Hii ilitoka Disemba 2014. Iliundwa na Croteam, kampuni ya Croatia yenye ilikuwa inajulikana na Serious Sam, geimu ya kumwaga risasi bila kupumzika. Kwa hivyo watu walishtuka kuona walewale wameleta falsafa.

Unaamka ukiwa roboti ndani ya bustani. Sauti kubwa inatoka juu, inajiita Elohim, inakuita mtoto wake. Inakuambia bustani zote ni zako, tembea popote, lakini ule mnara pale usiupande. Kama umelelewa kwa nyumba ya kwenda kanisa kila Sabato, hiyo stori unaijua kabla hata haijaanza.

Kazi yako ni kutatua mafumbo zaidi ya 120. Unapewa vifaa vichache: cha kuzima mitambo na milango, cha kupitisha miale ya leza, masanduku, feni. Kuna bomu zinazunguka na bunduki zinazokufyatua zenyewe. Halafu kuna kifaa cha kujirekodi, ndio usaidiane na wewe mwenyewe wa dakika iliyopita. Hicho kilitesa watu kichwa.

Ukipata kompyuta ya zamani ukutani, unakutana na Milton. Huyu ni mjanja. Anakuuliza mtu ni nini, unajibu, anachukua jibu lako anakugonga nalo. Ukisema mtu ni mwenye anafikiria, atakuuliza kuhusu mtoto mchanga. Polepole unajua hujui.

Na kuna sauti ya Alexandra Drennan, mwanasayansi aliyeishi siku za mwisho za binadamu. Virusi vilitoka kwa barafu ya kale iliyoyeyuka vikamaliza watu wote. Yeye na wenzake wakaacha programu ya kulea akili mpya, yenye siku moja itastahili kurithi dunia. Mtihani wake mkubwa ni huu: je, huyu kiumbe anaweza kukataa amri bila mtu kumsukuma? Ndio maana mnara uko pale. Akitii kila kitu, atakuwa mashine nzuri, lakini mtu bado.

Mimi niliacha chuo, na najua vile nyumba hunyamaza siku unasema hiyo kitu. Kwa hivyo nilipofika chini ya ule mnara sikuharakisha. Geimu haikuambii kukataa ni tamu. Inakuambia ukikataa, matokeo ni yako.

Ya pili: sasa mko wengi, na hapo ndipo ngori

The Talos Principle 2 ilikuja Novemba 2023, karibu miaka 9 baadaye. Ile roboti iliyopanda mnara ilitoka kwa dunia halisi, ikaitwa Athena, ikaanzisha mji unaoitwa Yerusalemu Mpya. Wewe ni 1K, roboti ya 1,000, na ndiyo ya mwisho. Mji uliamua watu 1,000 wanatosha, ndio wasiharibu dunia kama binadamu walivyofanya.

Sherehe ya kukukaribisha ikiwa juu, mzuka wa Prometheus unatokea. Mnaenda msafara kwa kisiwa chenye piramidi kubwa ajabu. Hauko solo tena: kuna Byron mwenye moto wa kusonga mbele, Alcatraz mwenye tahadhari, Yaqut na Melville. Wanabonga, wanabishana, wanakuuliza msimamo wako. Athena mwenyewe haonekani, alitoweka kitambo.

Mafumbo nayo yamebadilika. Bomu na bunduki zimetolewa, na kile kifaa cha kujirekodi pia. Badala yake kila eneo jipya linakuletea kifaa kipya: cha kuchanganya rangi za leza, cha kutoboa ukuta, cha kugeuza mvuto utembee kwa dari, hata cha kuhama mwili mmoja mpaka mwingine. Kuna maeneo 12, na kila moja linaanza pole ndio likunje shingo baadaye.

Hapa wale wakongwe wana kesi. Ukizoea kifaa kimoja, unapelekwa kwingine kabla hakijakubana vizuri. Ya kwanza ilikuwa na vifaa vichache, lakini ilivikamua mpaka tone la mwisho. Kwa ugumu wa kichwa, ya kwanza inashinda. Kwa raha ya kuona kitu kipya kila saa, ya pili.

Swali limehama

Lakini tofauti kubwa si vifaa. Ya kwanza inauliza, "Mimi ni nani?" Ya pili inauliza, "Sisi tuishi aje?" Kundi moja linasema tubaki 1,000, tutunze tulichonacho. Lingine linasema jamii yenye haikui inakufa polepole, hata kama mji unang'aa.

Hapa Gusii hiyo si stori ya roboti. Sensa ya 2019 ilipata kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba la sokoro lilikatwa, kipande cha tata kikakatwa tena, na sasa ndugu wanne wanaangalia mistari ya ndizi wakijiuliza nani ajenge wapi. Mzee mmoja atakuambia watoto ni baraka. Kijana wake atakuambia baraka inataka pa kulala. Wote wawili wanapenda hiyo boma.

Ndio maana nilianza nikiunga mkono wale wa 1,000 bila kufikiria mara mbili. Geimu yenyewe inaegemea upande wa kusonga mbele, na wakati mwingine inakuhubiria sana. Lakini inaleta pointi moja ngumu: kuogopa makosa ya wazazi si mpango. Ukisema tu hutarudia walichofanya, bado hujasema utafanya nini.

Milton alikuwa anakubomoa jibu. Hawa wa sehemu ya pili wanangoja jibu lako ndio waamue. Hiyo ni mzigo tofauti.

Sasa ucheze gani?

Anza na ya kwanza, bila mjadala. Ukiruka, jina la Athena halitakuwa na uzito wowote kwako. Pia inakubali kompyuta ya kawaida, na bei yake hushuka vizuri wakati wa ofa. Mwaka wa 2025 waliitoa upya kwa jina The Talos Principle: Reawakened, picha zikiwa safi zaidi, lakini hiyo inataka mashine ya maana. Ya pili ni ya kompyuta yenye nguvu, PS5 au Xbox mpya, kwa hivyo laptop ya kuazima itakuaibisha.

Ukimaliza ya kwanza, tulia wiki moja kabla ya kuingia ya pili. Halafu siku moja mkiwa nyumbani, muulize mzee wako lile swali la roboti 1,000, lakini usimwambie ni roboti. Mwambie ni shamba. Skiza atakachosema, ndio urudi ucheze.