Mkate wa Kamba na Hesabu ya Maji

Karibu kila anayefundisha kupika mkate wa kamba wa Kichina huweka sharti hili mwanzoni: tumia mkate wa jana. Chakula chenyewe ni chepesi kueleza. Kamba waliosagwa hupakwa juu ya kipande cha mkate, hunyunyiziwa ufuta, kisha kipande hutoswa katika mafuta ya moto hadi kiwe rangi ya dhahabu. Ni chakula cha Guangzhou, kusini mwa China. Jina lake la Kikantoni limebeba ndani yake neno la Kiingereza la mkate uliochomwa, lile lile tulilolifanya sisi kuwa tosti, na kilipovuka bahari kufika Nagasaki, Japani, kikaitwa hatoshi. Lakini mpishi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, hapa Mombasa, akilifuata sharti la mkate wa jana neno kwa neno, mara nyingi huishia na kitu kilicholegea na kulowa mafuta, kisha akajilaumu kwamba mkono wake hauna ladha. Kosa si lake. Sharti limetaja umri wa mkate, ilhali kinachotakiwa ni upungufu wa maji ndani yake, na katika pwani yetu mambo hayo mawili hayaendi pamoja.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliofungiwa pasipo kupoteza maji bado hukakamaa kama ule ulioachwa wazi. Maana yake ni kwamba mkate kuwa mgumu si lazima uwe umekauka. Chembe za wanga zilizolainika ndani ya tanuri huanza kujipanga upya mkate unapopoa, na kujipanga huko ndiko kunakoukakamaza. Jambo hilo huenda kasi zaidi katika baridi ya friji, ndiyo maana boflo la friji huwa gumu upesi kuliko la mezani. Sasa tazama boflo la jana katika nyumba ya Mombasa: limekaa ndani ya karatasi yake ya nailoni, nje hewa ina unyevu ambao mara nyingi huzidi asilimia 70. Limekakamaa, naam, lakini maji yake karibu yote yamo humo humo, na nyama ya mkate mpya huwa na maji yanayokaribia asilimia 40 ya uzito wake. Mpishi wa mahali pakavu akiacha silesi mezani usiku kucha, hewa humfanyia kazi ya kuzikausha. Hapa kwetu hewa huzikausha nusu nusu, tena polepole, na wakati wa masika ukungu unaweza kuutangulia ukavu. Kwa hiyo njia ya kuaminika ni kuzipasha silesi kwenye tawa kavu au tanuri ya moto mdogo, bila kuziunguza, hadi ziwe nyepesi mkononi na uso wake ukwaruze kidole.

Kwa nini maji yawe na uzito wote huu? Kwa sababu ukavu tunaoutafuta, ule wa kuvunjika na kulia mdomoni, ni hali maalumu ya wanga. Wanga uliokauka vya kutosha hukaa kama kioo: haupindi, huvunjika kwa ghafla. Ukiingiwa na maji kidogo tu, molekuli zake hupata nafasi ya kuteleza, na kile kioo hugeuka kuwa kitu cha kutafunika kama ngozi. Ushahidi wa jambo hili unauzwa barabarani kila siku. Kachri za muhogo zikiachwa wazi usiku mmoja hulegea, ingawa hakuna tone lililoziangukia. Zimeyanywa maji ya hewani. Na mlio wenyewe si pambo la chakula. Mwaka 2004, Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapa watu vipande vya viazi vya kukaanga wavitafune huku wakisikia mlio wa kutafuna kwao kupitia vipokea sauti. Sauti ilipoongezwa, hasa ile nyembamba, watu walivihukumu kuwa vikavu na vipya zaidi. Vipande vilikuwa vya aina moja. Sikio, basi, ni sehemu ya ulimi, na linachosikiliza ni kuvunjika kwa kioo kile.

Maji hayo huonekana yakitoka karaini: mapovu yanayochemka kandokando ya kiazi karai kinapotumbukizwa si mafuta yanayochemka, ni maji yanayotoka. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo unapotoka kwa nguvu huyasukuma mafuta nje. Muda ambao uso wa chakula bado una maji, joto lake haliendi mbali na nyuzi 100, hata mafuta yawe na nyuzi 175. Uso ukishakauka ndipo joto hupanda, na hapo sukari na protini huanza kuungana kwa ule mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, unaoleta rangi ya kahawia na harufu inayomvuta mpita njia. Wachomaji wa viazi karai na bajia wanaijua hesabu hii kwa masikio: mafuta yakipunguza kelele, maji yamepungua. Mkate uliokaushwa mapema hufika hatua ya kahawia mapema, kwa sababu hauna mzigo mkubwa wa maji ya kuyachemsha kwanza.

Hapo kuna pingamizi la haki. Mkate mkavu una matundu matupu. Je, hautanyonya mafuta kama sifongo? Pingamizi hili linadhani kwamba mafuta huingia wakati chakula kiko karaini. Mwaka 1996 watafiti Ufheil na Escher walitumia mafuta yaliyotiwa rangi kufuatilia vipande vya viazi, wakaona kwamba sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya chakula kutolewa. Kipande kinapopoa, mvuke ndani yake hurudi kuwa maji, shinikizo hushuka, na mafuta yaliyoganda usoni hufyonzwa ndani. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa jepesi kuliko lilivyo: mkate una matundu makubwa kuliko kiazi, na mafuta ya uvuguvugu yatauloweka hata ukiwa mkavu kiasi gani. Jibu ni kuyapa mafuta joto la kutosha, kiasi kwamba kipande kidogo cha mkate kikitupwa humo kigeuke rangi kwa muda wa kama dakika moja, kutotosa vipande vingi kwa pamoja maana hupoza karai, na kuvikung’uta mafuta vikiwa bado vya moto. Dakika hiyo ya kukung’uta ina thamani kuliko vile inavyopewa.

Upande wa pili wa hesabu ni kamba wenyewe, ambao zaidi ya robo tatu ya uzito wao ni maji. Kamba wetu hukulia kwenye mikoko ya mikono ya bahari kama Tudor, Mtwapa na Mwache, na wengi zaidi huvuliwa kaskazini, Ghuba ya Ungwana, ambako mito ya Tana na Sabaki humwaga maji yake, eneo ambalo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao yake Mkomani, KMFRI, imelichunguza kwa miaka mingi. Waoshe, kisha uwapanguse kwa kitambaa mpaka wakauke, la sivyo unaanza na deni. Saga pamoja na chumvi wakiwa baridi. Chumvi huyeyusha protini ya misuli iitwayo mayosini, na ukiendelea kukoroga, mchanganyiko hunata mkononi; huo mnato ni wavu wa protini ambao ukipata joto huganda na kuyashika maji yasishukie mkate. Ute wa yai na kijiko cha wanga wa mahindi husaidia kazi hiyo hiyo. Tangawizi, thomu na dania ni hiari ya mpishi, bali asiongeze kitunguu maji kilichosagwa, kwa kuwa ni maji yaliyovaa jina la kiungo. Paka unene wa nusu sentimita. Anayesema kamba ni ghali mno kwa chakula cha namna hii atapata afueni hapa: tabaka nene halifai kwa fizikia hata kabla ya kutofaa kwa mfuko, na kamba wadogo wa bei nafuu wakisagwa hawana tofauti na wakubwa. Hata nguru hufaa, maana mayosini anayo.

Tanguliza upande wa kamba chini ndani ya mafuta. Kamba wanahitaji muda kuiva, na rangi yao hukupa habari: walipokuwa wabichi, rangi nyekundu iitwayo astazanthini ilikuwa imefungwa na protini ikaonekana kijivu, na joto linapoivunja protini hiyo, wekundu hujitokeza. Kisha geuza. Mkate uje mwisho, kwa muda mfupi, utoke karaini ukiwa ndio umetoka kukauka. Simama kwenye rangi ya dhahabu, usifike kahawia iliyokolea. Tangu mwaka 2002, wanasayansi wa Uswidi walipotangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamaidi, inajulikana kwamba kadiri rangi inavyozidi kuwa nyeusi ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka. Kwa wanaosema vyakula vya karai viachwe kabisa, ninakubali kwamba si vya kila siku. Lakini kilichokaangwa vizuri hubeba mafuta machache kuliko kilichokaangwa vibaya, na hilo ni jambo la afya pia.

Kazi nyingi huharibikia mezani. Vipande hupangwa kimoja juu ya kingine, hufunikwa ndani ya hotpoti ili visipoe hadi wageni wafike, na mvuke wa kamba, usio na pa kutokea, huingia kwenye mkate. Ndani ya robo saa kioo kimeyeyuka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, vyakula vya barabarani vilihamia kwenye karatasi, na kwa vitu vikavu hiyo ilikuwa neema, kwani karatasi huupitisha mvuke na kunywa mafuta ya juu. Ila iwe karatasi safi ya kaki, si gazeti lenye wino. Nyumbani, wavu wa waya wenye nafasi chini yake ni bora kuliko sahani. Na vipande vikishalegea, usivitupe: vilaze kwenye tawa kavu, upande wa mkate chini, kwa moto mdogo, bila tone la mafuta. Baada ya dakika chache mkate utaanza kulia tena.